Saa 1,500 angani au darasa zito: rubani wa abiria anaiva kwa njia ipi?

Majira ya baridi ya 2009, katika jimbo moja la New York, zilitokea ajali mbili za ndege za abiria zilizopishana kwa siku 28. Tarehe 15 Januari, Airbus A320 ya US Airways iligonga kundi la mabata bukini muda mfupi baada ya kupaa kutoka LaGuardia, injini zote mbili zikaishiwa nguvu, na rubani mkuu Chesley Sullenberger akaishusha juu ya mto Hudson. Watu wote 155 walitoka hai. Tarehe 12 Februari, Dash 8 Q400 ya Colgan Air iliyokuwa ikitoka Newark kwenda Buffalo ilianguka juu ya nyumba huko Clarence Center. Waliokuwa ndani ya ndege, watu 49, wote walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake.

Ajali ya pili ndiyo iliyobadilisha sheria. Familia za waliokufa zilipiga kambi Washington, zikazungumza na wabunge mmoja baada ya mwingine, na mwezi Agosti 2010 Marekani ikapata sheria mpya ya usalama wa anga. Kuanzia 2013, yeyote anayekalia kiti cha kulia kwenye ndege ya shirika la abiria lazima awe na leseni ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida hudai saa 1,500 za kuruka. Kabla ya hapo, rubani msaidizi angeweza kuajiriwa na leseni ya biashara yenye saa 250.

Ulaya ilibaki na njia yake: darasa refu, mitihani mingi, simuleta (mtambo wa ardhini unaoigiza ndege), kisha kijana mwenye saa 200 hivi anaingia kwenye Boeing au Airbus chini ya uangalizi. Kwa hiyo dunia ina njia mbili kubwa za kumwivisha rubani, na kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayetafuta shule anakutana nazo zote mbili siku ya kwanza anapofungua tovuti za vyuo. Familia inauza kiwanja, ndugu wanachangishana, na uamuzi unafanywa kwa kuangalia bei na picha nzuri za ndege. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya familia hiyo. Msimamo wangu nautaja mapema: idadi ya saa peke yake ni kipimo dhaifu, na darasa ambalo halijaingia mikononi ni dhaifu zaidi. Cha kuuliza ni nini kilitokea ndani ya saa hizo, na ni mangapi kati ya yaliyosomwa yalifanywa kwa vitendo mpaka yakazoeleka.

Kilichotokea Buffalo hasa

Jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu safari ile ya Colgan, namba 3407, ni hili: marubani wote wawili walikuwa wamevuka saa 1,500. Rubani mkuu alikuwa na saa 3,379 na msaidizi wake saa 2,244. Kwa hesabu ya saa peke yake, sheria iliyozaliwa na ajali yao isingewazuia kukalia viti vile.

Ndege ilikuwa inakaribia Buffalo usiku, kwenye hali ya barafu, otopailoti, yaani mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, ikiwa imewashwa. Mwendo ukapungua bila wao kugundua. Usukani ukaanza kutikisika, ambalo ndilo onyo kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kuinua ndege. Dawa yake hufundishwa tangu wiki za mwanzo za urubani: sukuma pua chini, ongeza nguvu ya injini, acha hewa irudi kupita vizuri juu ya bawa. Rubani mkuu alivuta usukani kuelekea kwake. Mtambo wa ndege wenyewe ukajaribu kusukuma pua chini, naye akaushinda kwa kuvuta tena.

Kwa nini mtu mwenye zaidi ya saa 3,000 avute? Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba alikuwa amefeli majaribio kadhaa ya vitendo katika maisha yake ya urubani. Walikuta pia kwamba mtambo ule wa kusukuma pua chini ulikuwa umefundishwa kwa maneno darasani, bila kulazimu marubani wauonje kwenye simuleta ya Q400. Alikuwa ameelezwa kwamba upo, lakini kuelezwa si kuuhisi kwa mikono. Pengine usiku ule ndio ulikuwa mara yake ya kwanza kukutana nao, akiwa karibu na ardhi na abiria nyuma yake.

Kuna na la pili, nalo hunirudia kila ninaposikia mtu akijivunia wingi wa saa. Kinasa sauti kilinasa mazungumzo ya rubani msaidizi kuhusu barafu, dakika chache kabla ya ajali. Alieleza kwamba alipoajiriwa alikuwa na saa 1,600, zote za Phoenix, na kwamba hakuwahi kuona hali ya barafu. Phoenix iko jangwani Arizona, jua mwaka mzima. Saa 1,600 za anga safi, za kufundisha wanafunzi kuzunguka uwanja uleule. Kwenye karatasi alikuwa na uzoefu. Kwa hali ya hewa ya Buffalo mwezi Februari, siku alipoajiriwa alikuwa mgeni kabisa, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Dereva aliyeendesha daladala Mwenge–Posta miaka kumi ana kilomita nyingi sana, lakini humpi basi la abiria ashuke nalo mlima Kitonga usiku wa mvua kwa sababu tu ya hizo kilomita. Ndivyo zilivyo saa za kuruka. Saa moja inaweza kumfundisha mtu jambo jipya, na nyingine ikarudia tu iliyotangulia.

Uchovu nao ulikuwapo: msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kazini, na wote wawili walipiga soga katika hatua ambayo kanuni inakataza mazungumzo yasiyohusu kazi. Hayo ni ya nidhamu na ratiba. Nambari 1,500 haiyagusi.

Upande wa saa: zinajenga nini

Nisionekane nazibeza saa. Zipo kazi ambazo ni saa tu zinazoweza kuzifanya.

Ya kwanza ni maamuzi. Darasani swali lina majibu manne na moja ni sahihi. Angani, rubani mwenye Cessna Caravan anayetoka Wilson, uwanja wa Nairobi ulio kwenye kimo cha futi 5,500 hivi, akielekea Mara na watalii na mizigo yao, anakutana na maswali yasiyo na orodha ya majibu. Joto la adhuhuri limepunguza nguvu ya injini na ya mabawa. Kiwanja cha udongo kimenyeshewa jana. Mawingu yanajijenga upande wa bonde. Pundamilia wako katikati ya njia ya kurukia na inabidi apite chini kwanza kuwafukuza, kisha azunguke tena. Mwongoza watalii anamhimiza wakubali mzigo mmoja zaidi. Kusema hapana katika hali ile ni ujuzi unaojengwa kwa kukaa mbele ya watu halisi, na hakuna mtihani wa kuchagua jibu unaoweza kuupima.

Ya pili ni kuijua hofu. Simuleta bora hutikisika, hulia kengele, huonyesha mvua kwenye kioo, lakini rubani anajua kwamba baada ya saa nne atafungua mlango na kwenda kunywa chai. Anayewahi kubanwa na mawingu akiwa na mafuta ya kutosha kufikia uwanja mmoja tu wa akiba hujifunza kitu kuhusu nafsi yake, na hubadili namna anavyopanga safari zote zinazofuata.

Ya tatu ni sauti. Kuongea na waongozaji wa ndege, kusikia ndege nyingine na kujichorea kichwani kila moja iko wapi, kutambua kwa masikio kwamba injini haiko sawa. Hivi huja polepole na haviji kwa kukariri.

Ndiyo maana Sullenberger, aliyekuwa na zaidi ya saa 19,000 siku ile ya Hudson, ameitetea kanuni ya saa 1,500 hadharani. Chama kikuu cha marubani Marekani kinaitetea pia, na familia za Buffalo hazijaacha kuilinda. Wapo wanaosema chama kinalinda maslahi, kwa kuwa marubani wakiwa wachache mishahara hupanda. Huenda maslahi yapo. Hoja yao ya msingi bado inasimama: mtu asianze kujifunza kuamua akiwa na abiria wengi nyuma yake.

Tatizo ni jinsi saa hizo zinavyopatikana. Marekani, kijana akimaliza leseni ya biashara na saa 250, wengi huwa walimu wa urubani. Hukaa kiti cha kulia cha ndege ya injini moja, wakimtazama mwanafunzi akitua na kupaa, mpaka wafike 1,500. Kufundisha kunanoa akili. Anayemweleza mwingine jambo hulielewa upya. Ila mwalimu huyo haruki sana kwa mikono yake, hayuko kwenye chumba cha marubani wawili, hagusi ndege ya jeti, na akiwa Arizona au Florida huenda asikutane na hali mbaya ya hewa kwa miezi. Wengine huvuta mabango ya matangazo ufukweni, au huzunguka kupiga picha za mabomba ya mafuta. Saa zote hizo zinahesabiwa sawa.

Upande wa darasa: linajenga nini

Chini ya kanuni za Ulaya, kozi ya pamoja ya kumtoa mtu sifuri hadi leseni ya biashara, pamoja na nadharia ya ATPL, ile leseni ya juu kabisa, hudai angalau saa 750 za nadharia na mitihani ya masomo 13, kila mmoja ukiwa na alama ya kupita ya asilimia 75. Kuruka ni angalau saa 195, na sehemu ya hizo hufanyika kwenye simuleta. Kisha huja mafunzo ya kufanya kazi wawili: nani ashike usukani, nani asome orodha ya ukaguzi, nani atamke na nani athibitishe.

Ipo pia leseni inayoitwa MPL, iliyoingizwa mwaka 2006 kwenye kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Humwandaa kijana tangu mwanzo kwa ajili ya ndege ya marubani wawili, kwa angalau saa 240 zinazojumlisha za angani na za simuleta. Faida yake ni kwamba halazimiki kujifunza kwanza kuwa mfalme wa ndege ndogo kisha asahau tabia hiyo. Kasoro yake, na kwa kijana wa kwetu ni kubwa, ni kwamba leseni hiyo humfunga kwenye aina hiyo ya kazi na mara nyingi kwenye shirika lililomfadhili. Shirika likiyumba, amebaki na karatasi isiyomruhusu kirahisi hata kuendesha Caravan peke yake.

Marekani darasa lipo, ila la lazima kabla ya leseni ya juu ni fupi: kozi ya saa 30 za darasani na saa 10 za simuleta, ikifuatwa na mtihani mmoja wa kuchagua majibu. Kwa haki, Mmarekani huwa ameshafanya mitihani mingine midogo njiani, ya leseni binafsi, ya vyombo (kuruka kwa kusoma vyombo bila kuona nje) na ya biashara. Hata hivyo, ukiweka masomo 13 ya Ulaya upande mmoja, tofauti ya kina haifichiki. Wapo wanaosema nadharia ya Ulaya ina mambo mengi ambayo rubani hatayatumia maishani, na kwa sehemu wana haki. Mimi naona bora mtu asome hali ya hewa kupita kiasi kuliko aisome juujuu.

Sheria ya Marekani yenyewe inakiri kwamba darasa lina thamani, na imeweka bei. Mwenye shahada ya kwanza ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa, akiwa na masomo ya kutosha ya anga, huruhusiwa kuanza na saa 1,000. Mwenye stashahada ya miaka miwili huanza na 1,250. Rubani wa jeshi huanza na 750. Maana yake shahada inanunua saa 500, na jeshi, lenye mafunzo makali yaliyopangwa hatua kwa hatua, linanunua 750. Ubishi wa leo Marekani uko hapo hasa: bei hiyo ni ya haki?

Mwaka 2022 shirika la Republic Airways liliomba wahitimu wa chuo chake waanze na saa 750 kama wanajeshi, likidai mafunzo yao yamepangwa kwa mtindo uleule. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilikataa mwezi Septemba mwaka huohuo. Mwaka 2023 bungeni kulikuwa na pendekezo la kuongeza saa za simuleta zinazoweza kuhesabiwa. Seneta Tammy Duckworth, aliyekuwa rubani wa helikopta za jeshi, alikuwa mstari wa mbele kulipinga. Sheria iliposainiwa tarehe 16 Mei 2024, saa 1,500 zilibaki zilipokuwa.

Katikati ya ubishi huo kuna utafiti wa vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, ulioanza kutolewa 2010, uliofuatilia marubani wapya kwenye mashirika madogo ya mikoani na kuangalia nani anamaliza mafunzo ya shirika bila kuhitaji kurudiwa. Waliofanya vizuri zaidi walikuwa wahitimu wa programu za vyuo zilizoidhinishwa, wenye leseni ya ualimu, wakiwa na saa kati ya 500 na 1,000. Waliokuja na saa nyingi mno hawakuwa juu yao. Utafiti huo unapima kufaulu mafunzo, haupimi ajali, na waliouandika wanatoka vyuoni. Pamoja na hayo, unalingana na wanayosimulia wakufunzi wengi: aliyekaa muda mrefu kwenye ndege ndogo bila kusoma huja na mazoea magumu kung'oa.

Ajali zinazotuhusu

Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari namba 507, ilipaa kutoka Douala, Kamerun, kuja Nairobi. Ilianguka dakika chache baadaye kwenye kinamasi cha mikoko. Watu wote 114 walikufa. Rubani mkuu alikuwa na zaidi ya saa 8,000. Msaidizi wake, kijana wa miaka 23, hakuwa amefika saa 1,000.

Ripoti inasimulia jambo la polepole na la kutisha. Nje giza na dhoruba, hakuna taa wala upeo wa macho. Rubani mkuu alitamka kuwa otopailoti iwashwe, haikuwaka, na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikaanza kulalia kulia, kidogo kidogo, bila mtu kutazama vyombo. Kengele ya onyo ilipolia ilikuwa imeshalala sana, na hatua alizochukua rubani mkuu zikazidisha. Wachunguzi waliandika kuhusu kupoteza mwelekeo gizani, kukosa ushirikiano kati ya marubani wawili, na utaratibu usiofuatwa. Waligundua pia kwamba kumbukumbu za mafunzo ya rubani mkuu zilikuwa zimeonyesha udhaifu huohuo miaka iliyotangulia, na kwamba msaidizi alikuwa mpole mbele ya mkubwa mwenye sauti.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Shikamoo huja kwanza, hoja baadaye. Ni malezi mazuri na sitaki yafe, lakini ndani ya chumba cha marubani yanaweza kuua. Kumwambia mzee mwenye saa 8,000, "Kapteni, tunalala kulia, rudisha," na asiposikia umchukulie usukani, hakuji kwa kuzoea anga. Saa nyingi za kuruka peke yako hazikufundishi hata neno moja la hilo. Hufundishwa kwa makusudi, darasani na kwenye simuleta, mwalimu akiigiza kapteni mkali na mwanafunzi akilazimishwa kufungua mdomo, tena na tena. Kwa marubani wa kwetu naliona somo hili kuwa zito kuliko yote, na shule isiyolipa uzito mimi nisingeipelekea mtoto wangu.

Ajali ya pili ni Ethiopian 302, Machi 10, 2019, Addis Ababa kuja Nairobi. Watu 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko taifa lolote. Habari ilipotoka kwamba rubani msaidizi alikuwa na saa 361, wachambuzi wa nje walirukia hapo: ndiyo matokeo ya kuwapa watoto ndege. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Zaidi ya miezi minne nyuma, Oktoba 29, 2018, ndege ya aina ileile ya Lion Air ilianguka Indonesia kwa kosa lilelile: kihisi kibovu kikaudanganya mfumo wa kompyuta uitwao MCAS, nao ukasukuma pua chini mara kwa mara. Marubani wa Lion Air, mkuu na msaidizi, kila mmoja alikuwa na zaidi ya saa 5,000. Wakati huo mfumo huo haukuwa hata umeelezwa kwenye kitabu cha rubani. Hakuna wingi wa saa unaoweza kukufundisha kitu ambacho mtengenezaji hakukuambia kipo.

Na Air France 447, Juni 1, 2009, Rio kwenda Paris, watu 228. Marubani watatu, kila mmoja akiwa na maelfu ya saa, nyingi zikiwa za otopailoti juu ya mawingu. Vipima mwendo vilipoziba kwa barafu na otopailoti ikajizima, aliyeshika usukani akavuta, kama yule wa Buffalo, na akaendelea kuvuta. Baada ya ajali hizi, mamlaka zote mbili kubwa ziliamuru mafunzo ya vitendo ya kuitoa ndege kwenye hali ya kupotea mikononi: Marekani kwenye simuleta kamili, na Ulaya ikaongeza saa za kuruka kweli kwenye ndege inayohimili misukosuko, pamoja na darasa lake. Katika mageuzi yote ya miaka ile, hili ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu limeenda moja kwa moja kwenye mkono unaovuta.

Ubavu kwa ubavu, kwa anayechagua leo

Muda. Njia ya Ulaya ya kozi ya pamoja huchukua kama miaka miwili hadi kufikia mlango wa shirika. Njia ya Marekani hufika kwenye leseni ya biashara haraka zaidi, pengine ndani ya mwaka mmoja, kisha huja mwaka mmoja au miwili ya kusaka saa.

Pesa. Zote ni nzito. Kozi ya pamoja hulipwa kwa mafungu makubwa, na shule ikifilisika katikati umepoteza, jambo ambalo limetokea Ulaya zaidi ya mara moja. Njia ya vipande, leseni moja kisha nyingine, inakuruhusu kusimama ukiishiwa na kuendelea baadaye. Kwa familia inayochangisha, hilo lina thamani kubwa.

Viza. Hapa vijana wengi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Shule nyingi za urubani Marekani humpa mgeni viza ya M-1, ambayo inaruhusu kazi ya mafunzo kwa miezi sita tu kwa upeo, na kuipata si hakika. Viza ya F-1, ya vyuo vinavyotoa masomo ya kitaaluma, kwa kawaida inaruhusu hadi mwaka mmoja wa kazi baada ya masomo, ambao unaweza kuutumia kufundisha. Shule ikikuambia "utafundisha hapa mpaka ufikishe 1,500," uliza viza gani, na omba jibu kwa maandishi. Mwaka mmoja ukiisha na una saa 900, unarudi nyumbani na 900.

Kurudi nyumbani. Tanzania, Kenya na Uganda zinafuata viwango vya ICAO: leseni ya biashara ni kuanzia saa 200, au 150 kwenye kozi iliyoidhinishwa, na ATPL ni 1,500. Kama Ulaya, rubani msaidizi anaweza kuanza na leseni ya biashara iliyoongezewa vyombo na aina ya ndege. Kwa hiyo kanuni ya 1,500 ya Marekani haikubani ukitaka kazi huku. Kinachokubana ni masharti ya kila mwajiri, na wengi huomba saa zaidi ya kiwango cha sheria. Leseni ya nje hubadilishwa kwa mitihani ya mamlaka ya nchi. Aliyepita kwenye nadharia nzito huiona mitihani hiyo kuwa marudio, na aliyepita kwenye nyepesi hurudi kununua vitabu.

Kudanganya. Saa zinaweza kuandikwa kwa kalamu bila ndege kupaa, na kila nchi ina hadithi zake. Vyeti navyo si salama: mwaka 2020 waziri wa anga wa Pakistan aliliambia bunge kwamba leseni za marubani 262 zilikuwa na mashaka, nyingi kwa madai ya kufanyiwa mitihani na watu wengine, na Ulaya ikalifungia shirika lao la taifa. Shule inayokupunguzia mtihani inakupunguzia kinga.

Ningechagua nini

Kwa kijana anayeanza sifuri na anataka kufanya kazi Afrika Mashariki, ningeanza na darasa zito. Makosa ya mwanzo hukaa mikononi muda mrefu, na hakuna wakati mwingine maishani ambapo atapata miezi mizima ya kusoma hewa, injini na mawingu bila mwajiri kumuita. Baada ya leseni ya biashara ningemwambia asikimbilie jeti. Aombe kazi kwenye Caravan au ndege ndogo za injini mbili, Wilson, Arusha, Zanzibar au Entebbe, akae hapo mpaka avuke saa 500, ikiwezekana akaribie 1,000, kwenye viwanja tofauti na misimu tofauti, masika na kiangazi. Kisha simuleta ya marubani wawili, kisha ndege kubwa.

Ningetoka kwenye mpango huo kwa sababu moja tu: akipata nafasi ya ukadeti kwenye shirika lenye chuo chake na simuleta zake, na wakufunzi wanaomfuata miaka ya kwanza kazini. Hapo saa chache si kasoro, kwa sababu kuna anayemtazama kila siku. Ila ukadeti unaokulipisha pesa zote mwenyewe bila kukuahidi kazi ni shule tu, hata ikiitwa jina gani.

Kwa yule anayependa Marekani, aende, lakini achague chuo cha F-1 chenye shahada, na eneo lenye hali ya hewa halisi kwa sehemu ya mwaka. Jua la Arizona humaliza kozi upesi. Kusini mwa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, kwenye theluji na mawingu ya chini, utasubiri zaidi na utajifunza zaidi.

Kwa mtu ambaye tayari ana saa nyingi na anataka kuhamia shirika kubwa, ushauri wangu unageuka. Saa zaidi hazitamsaidia sana. Alipie mafunzo ya kuitoa ndege kwenye hali mbaya, asome upya kazi ya marubani wawili, na akubali kusahihishwa na mkufunzi mdogo kwake kiumri. Siku ya Hudson, msaidizi Jeffrey Skiles alikuwa na zaidi ya saa 15,000 za maisha yake, lakini za A320 zilikuwa 37 tu. Alikuwa ametoka mafunzoni karibuni tu kwa ndege ile. Sullenberger alichukua usukani na kumwachia Skiles orodha ya kuwasha injini upya, na baadaye alieleza sababu mojawapo: Skiles alikuwa ameipitia karibuni kuliko yeye.

Ukitembelea shule, omba mambo haya kabla ya kuzungumzia ada. Kaa nyuma kwenye somo moja la simuleta, uone kama mwanafunzi anaachwa akosee mpaka mwisho au anaokolewa kila mara. Uliza mwanafunzi hufanya mara ngapi zoezi la mabawa kupoteza nguvu, na kama hulifanya pia akiwa amezuiwa asione nje, kwa vyombo tu. Uliza ni wangapi wa darasa lililopita walifaulu mitihani mara ya kwanza, na kama unaweza kuongea na wawili kati yao bila mwalimu kuwepo. Tazama ndege zenyewe: ngapi zinaruka leo, ngapi zimeegeshwa zikisubiri vipuri.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, mpeleke mtoto kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga akapimwe afya ya daraja la kwanza: macho na rangi, masikio, moyo, damu. Ipo familia iliyolipa mwaka mzima wa kozi kisha ikagundua kwamba kijana hatofautishi nyekundu na kijani. Kipimo hicho ni cha siku moja, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na saa chache za kwanza angani.